Mapacha na Chupa Moja ya Matone

Kama gazeti la Jumamosi iliyopita lilikupita, au jirani alishalifungia maandazi kabla hujalisoma, habari kwa ufupi ni hii.

Clemens wa Ushirombo, dereva wa tipa la kubeba mawe ya dhahabu, aligonga nguzo ya geti la bosi wake Onesmo, akaapa kwamba geti ndilo lililosogea. Onesmo hakubishana naye. Alimpeleka hospitali ya macho Shinyanga mjini, na huko Daktari Hosiana akamwambia ana glakoma, ile ambayo watu wengi wanaiita presha ya macho. Akapewa chupa ya matone, atie macho yote mawili asubuhi na jioni, maisha yake yote, na arudi kupimwa baada ya wiki tatu.

Onesmo naye akatoa hukumu yake. Bila barua ya daktari inayosema Clemens anaona vizuri, hakuna usukani.

Kwa wiki hizo tatu tipa likashikwa na pacha wa Clemens, Deogratias, ambaye nyumbani ni Doto kwa kuwa alizaliwa wa pili, kama Clemens alivyo Kulwa. Deo hakuwa na tatizo lolote la macho. Kila mtu alijua hivyo, na Deo mwenyewe ndiye aliyewaambia.

Sasa siku ya kurudi hospitali imefika, na Clemens amepata wazo ambalo mtu mwenye akili timamu angelala kwanza limpite.

"Deo," alisema, "macho yako mazima. Sura yetu moja. Kaa kwenye mashine badala yangu."

"Halafu wewe?"

"Mimi nitakuwa wewe. Nimekusindikiza."

Deo alifikiri kwa muda mrefu kidogo kuliko Clemens alivyopenda.

"Sawa. Lakini tipa naendesha mimi mpaka barua itoke."

Mama yao, Bi Eufrasia, hakuona ubaya wowote. Alikuwa amewalea wale wanaume wawili kwa sheria moja tu, kwamba mapacha hawapewi kimoja. Akinunua shati, ni mashati mawili. Zamani akimchapa Kulwa, Doto aliitwa kutoka machungani aje achukue zake, na alikuja. Sasa walikuwa na miaka arobaini na sita, ndevu zimeanza kuingia mvi, na sheria ilikuwa bado inafanya kazi.

"Akifaulu mmoja, mmefaulu wote," alisema, akafunga miguu majogoo wawili wa kumshukuru daktari. Mmoja wa Kulwa, mmoja wa Doto.

Safari yenyewe ilikuwa na bahati, maana Onesmo alitaka vipuri vya karasha, ile mashine ya kusaga mawe, na vipuri vilikuwa Shinyanga. Wakapanda tipa wote watatu. Deo usukanini, mama katikati na majogoo wake, Clemens dirishani.

Walipofika Tinde, kioo cha pembeni cha kushoto kilibaki kwenye nguzo ya kibanda cha muuza nyanya.

"Kibanda kimejengwa barabarani," Deo alisema.

"Vibaya kabisa," mama aliunga mkono.

Clemens alikitazama kile kibanda kikibaki nyuma. Maneno ya namna hiyo aliwahi kuyasikia mahali, na kama hakukosea yalitoka kinywani mwake mwenyewe. Ndani ya wiki tatu Deo alikuwa ameshapitia mbuzi wa katekista na baiskeli iliyoegeshwa, vyote upande huohuo wa kushoto. Lakini barabara zetu unazijua, na mbuzi wa katekista naye alikuwa na kiburi.

Daktari Hosiana alikuwa mwanamke mfupi wa miaka thelathini na kitu, mpole wa sauti, wa aina ya wale ambao wakisema hapana huna haja ya kuuliza mara ya pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuletea hawa."

"Asante sana, mama, lakini sipokei zawadi za wagonjwa. Ndio utaratibu wetu."

"Basi pokea mmoja. Huyu wa Doto."

"Hata mmoja, mama."

Majogoo wakawekwa chini ya benchi, ambako waliendelea kutoa maoni yao.

"Clemens ni nani?" daktari aliuliza.

"Mimi," Deo alijibu bila aibu.

"Na wewe?"

"Deogratias," Clemens alisema, na jina likamkaa vibaya mdomoni. "Nimemsindikiza tu."

"Pacha wake? Umefanya vizuri sana kuja. Ugonjwa huu unatembea kwenye familia, ndugu wa damu wote wanatakiwa kupimwa. Nitakupima na wewe."

Hilo halikuwemo kwenye mpango.

"Mimi sijambo, daktari. Mimi naendesha tipa."

"Ndiyo maana nataka kukupima."

Akawapima presha ya macho mmoja baada ya mwingine. Akaandika. Akatazama alichoandika, akawapima tena, akaandika tena, safari hii akikandamiza kalamu. Clemens hakuipenda ile mara ya pili.

Ikafuata mashine yenyewe. Ni kama bakuli kubwa jeupe. Mtu anaegemeza kidevu, anazibwa jicho moja, anatazama katikati, na taa ndogondogo zinawaka huku na huku. Ukiona taa, unabonyeza kitufe. Mtihani mwepesi kuliko huo Clemens hakuwahi kuusikia, na bado wiki tatu zilizopita alikuwa ameufeli.

Deo alianza na jicho la kulia. Kitufe kililia vizuri. Clemens, aliyesimama pembeni kidogo ya mashine, alianza kuiona barua ikichapwa.

Wakabadilisha jicho, likabaki la kushoto.

Taa ikawaka pembeni. Deo kimya. Ikawaka nyingine juu yake. Kimya. Ikawaka nyingine, na nyingine tena, na Clemens alikuwa anaziona zote kutoka pale aliposimama.

"Umelala?" daktari aliuliza.

"Hapana, daktari. Nasubiri taa."

"Bonyeza!" Clemens alinong'ona.

"Ndugu msindikizaji, ukisema tena utasubiri nje."

Clemens akafunga mdomo. Ila damu ilishaanza kuchemka, kwa sababu alikuwa ameelewa kila kitu. Deo alikuwa analitaka lile tipa. Wiki tatu za kupigiwa salamu na mama lishe wa machimboni zilikuwa zimemwingia kichwani. Alikubali kuja kufanya mtihani wa ndugu yake ili aufeli makusudi.

Na Clemens naye alipokaa kwenye mashine, kwa jina la Deo, alibonyeza kwa hasira mpaka daktari akamkumbusha kwamba kitufe ni mali ya serikali.

Baadaye wakatiwa matone mengine.

"Haya yanapanua mboni ili nipige picha nyuma ya jicho," daktari alisema. "Kwa saa kadhaa jua litawaumiza na mtaona ukungu. Aliyetiwa dawa hii haendeshi gari leo. Mmenisikia?"

"Tumesikia," mapacha waliitikia pamoja, kama wako darasa la pili.

Wakakaa benchi kusubiri dawa ifanye kazi. Mama alikuwa anasinzia.

"Kwa nini hukubonyeza?" Clemens aliuliza kwa meno yaliyofungwa.

"Nilibonyeza kila nilipoona."

"Zimepita taa ishirini kushoto!"

"Hakuna taa iliyopita kushoto."

"Nimeziona mimi! Mimi mgonjwa!"

"Punguza sauti."

"Umelipenda tipa, Deo. Sema tu."

Deo alikaza macho ukutani, na kwa Clemens hilo lilikuwa jibu tosha.

Picha zilipokwisha, daktari aliwaita ndani, na mama akaingia na majogoo wake. Alifunga mlango kwanza.

"Majibu ni siri ya mgonjwa. Clemens, unaridhia mama na ndugu yako wabaki?"

"Naridhia," walijibu wote wawili.

Daktari aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akamgeukia Deo.

"Barua ya kazi siwezi kuandika. Jicho lako la kushoto limeharibika sana. Presha yake ni thelathini na nane, wakati inatakiwa isizidi ishirini na moja. Kwa kumbukumbu nilizonazo hapa, wiki tatu zilizopita halikuwa hivi."

Hapo Clemens hakuvumilia tena.

"Anakudanganya!" alisimama. "Huyo siyo Clemens! Clemens ni mimi! Nimemleta afanye mtihani wangu kwa kuwa macho yake mazima, na ameufeli makusudi aninyang'anye tipa!"

Jogoo mmoja akawika.

"Kulwa!" mama alisema, kwa sauti ileile iliyokuwa inatangulia fimbo.

Daktari Hosiana hakushtuka. Aligeuza kompyuta ili wote waione. Kulikuwa na picha mbili za duara, nyekundu, zenye mishipa iliyotawanyika.

"Nilikuwa nasubiri mmoja wenu aseme," alisema. "Hii ndiyo nyuma ya jicho. Mishipa ya damu humo ndani kila mtu ana yake. Hata mapacha hawafanani. Huyu aliyejiita Clemens leo siye niliyempiga picha wiki tatu zilizopita. Niliyempiga ni wewe."

"Basi si umeona, daktari? Alikuwa anaigiza!"

"Kaka, mtu anaweza kuigiza kwenye kitufe. Hawezi kuipandisha presha ya jicho lake mpaka thelathini na nane kwa kutaka. Na mshipa wa fahamu wa jicho lile umeshaliwa, nauona hapa. Ndugu yako hakubonyeza kwa sababu hakuona."

Clemens alikaa. Hakukumbuka kuamua kukaa.

"Kinachonishangaza ni kingine," daktari aliendelea, akichukua karatasi zake. "Deogratias, jicho lako la kulia lina presha kumi na saba. Kuna mtu analitibu. Na wewe Clemens, la kushoto kumi na sita, safi kabisa. La kulia thelathini na moja, kama vile halijawahi kuona dawa. Nimewapima mara mbili nikidhani mashine ndiyo imechoka."

Mapacha wakageuka wakamtazama mama.

"Mnanitazama nini?" Bi Eufrasia aliuliza. "Chupa si ilikuwa moja?"

"Chupa ya Clemens, mama?"

"Chupa moja, watoto wawili. Kulwa nikamtia jicho la kushoto, Doto la kulia. Asubuhi na jioni, kwa haki kabisa. Hakuna siku nimempunja mtu."

"Na nyie mlikubali?" daktari aliwauliza.

Wale madume wawili wa machimboni walitazama sakafu. Kila asubuhi kwa wiki tatu walikuwa wamelala chali kwenye mkeka, bega kwa bega, jicho moja moja limekodolewa, wakisubiri mama yao apite na chupa.

"Mayo akisema lala, tunalala," Deo alisema, akimwita mama kwa Kisukuma chao.

Daktari aliweka kalamu mezani.

"Mama, nisikilize vizuri. Dawa ya mtu mmoja hapewi mtu mwingine, hata kama walizaliwa siku moja. Ingekuwa Deogratias ana pumu, matone hayo yangeweza kumuua. Na Clemens umemnyima nusu ya dawa yake." Akavuta pumzi. "Lakini siwezi kuficha ukweli. Kwa bahati tu, jicho la kulia la Deogratias limepata kinga ambayo hakuna aliyejua kwamba linaihitaji."

"Ahaa!" Bi Eufrasia alipiga paja. "Hiyo nayo iandike!"

"Naandika yote, mama."

Clemens nusura acheke. Alimgeukia Deo wacheke pamoja, kama walivyozoea tangu utotoni, akakuta Deo hacheki. Alikuwa amefunika jicho la kulia kwa kiganja.

"Mayo," Deo aliita. "Umekwenda wapi?"

"Nipo hapahapa, ng'wanone, mwanangu. Kushoto kwako."

Deo akaondoa kiganja. Akafunika tena. Mama yake alikuwa amekaa pale pale, mkono mmoja tu kutoka kwake, na alikuwa hayupo.

"Naona kwa kitundu cha katikati tu," alisema polepole. "Nilijua ni uchovu wa barabara."

"Lile jicho lililo zima lilikuwa linakufichia," daktari alisema. "Ila hata ukifungua yote mawili, kushoto kabisa huoni. Jicho la kulia haliwezi kufika huko, linazuiwa na pua. Kilichopotea hakirudi, Deogratias, sitakudanganya. Lakini kilichobaki tunaweza kukiwahi. Unahitaji upasuaji wiki hii hii, Mwanza."

Clemens aliona haya mpaka masikio yakawaka. Alimwita ndugu yake mwizi wa tipa, kumbe mwenzake alikuwa anapofuka bila kelele upande wa pili wa benchi.

"Sawa," mama alisema. "Wapasue wote wawili."

"Clemens hahitaji, mama. Matone yanamtosha, akitia macho yote."

"Basi usimpasue yeyote."

"Siwezi kumpasua asiyehitaji. Na siwezi kumwacha anayehitaji. Deogratias ni mtu mzima, uamuzi ni wake."

Bi Eufrasia hakubishana. Aliinama, akachukua majogoo wake, mmoja kila mkono.

"Pacha mmoja haumwi kuliko mwenzake. Doto, twende."

"Kaeni hapo benchi," daktari alisema, tayari ana simu sikioni, akitafuta nafasi Mwanza. "Msiondoke kabla sijazungumza nanyi tena."

Deo alisimama mlangoni, kama mtu aliyesahau alichofuata.

"Wiki tatu nimeendesha," alimwambia Clemens kwa sauti ya chini. "Kutoka Ushirombo mpaka hapa nimeendesha. Kipofu anaweza hivyo?"

Clemens alitaka kumwambia nisamehe. Neno lilipofika kooni, Deo alikuwa ameshatoka.

Daktari alimaliza simu, akavuta mafaili mawili.

"Sasa wewe. Humu ndani kuna majina ya uongo. Nisiporekebisha leo, mtu atapelekwa kupasuliwa jicho ambalo si lake. Niambie kila kitu tangu mwanzo."

Clemens akamwaga yote. Geti, Onesmo, barua, mpango, mkeka wa asubuhi. Kila alichosema, kalamu ilikimbia nacho. Kulikuwa na raha fulani katika kusema kweli, hakuwa ameionja kwa muda mrefu.

Ghafla kalamu ikasimama.

"Asubuhi uliniambia unaendesha tipa. Ulisema kwa jina la nani?"

"La Deo."

"Kwa hiyo anayeendesha kweli ni nani?"

"Deo. Tangu mimi nizuiwe."

"Na hapa mmefikaje?"

Clemens alikiona tena kioo cha Tinde, na mbuzi, na baiskeli, vyote vikiwa vimejipanga upande mmoja.

"Ufunguo anao nani?" Daktari Hosiana alikuwa ameshasimama.

Nje, chini ya dirisha, tipa likanguruma.

Clemens alirukia dirisha, akalisukuma wazi. Jua la saa sita lilimwingia kwenye mboni zilizopanuliwa kama amemwagiwa unga usoni. Alikaza macho. Akaliona tipa, doa kubwa la njano, likianza kurudi nyuma kuelekea ukuta wa stoo. Akauona ukuta. Katikati ya tipa na ukuta, upande wa kushoto, pale kioo kilipokuwa kabla ya Tinde, akaona kitenge chekundu cha mama yake.

"Deo! Simama! Deo!"

Injini ilikula sauti yake yote.

Bi Eufrasia alikuwa ametanua miguu kama utingo mzoefu, jogoo kila mkono, akimpungia mwanawe arudi.

"Njoo, Doto, njoo!" aliita kwa furaha. "Njoo tu, mwanangu, huku kushoto peupe kabisa!"